Desemba 1891: Luteni Gavana wa Quebec alipomfukuza Waziri Mkuu

Tarehe 16 Desemba 1891, Luteni Gavana wa Quebec, Auguste-Réal Angers, alimwandikia Waziri Mkuu wa jimbo, Honoré Mercier, kumwarifu kwamba amemwondoa madarakani yeye na mawaziri wake wote. Mercier alikuwa ameshinda uchaguzi mwaka mmoja na nusu tu uliotangulia, Juni 1890, kwa wingi wa viti ambao chama chake hakijawahi kuuona. Bunge halikumpigia kura ya kutokuwa na imani naye. Bunge lenyewe halikuwa hata linakaa. Mtu ambaye hakuchaguliwa na mpiga kura yeyote alikaa kwake Spencer Wood, makazi ya Luteni Gavana nje kidogo ya jiji la Quebec, akaiangusha serikali kwa kalamu.

Ukikipitia kisa hiki haraka utasema ni cha mla rushwa aliyepatikana na kutimuliwa. Fedha za umma ziliibwa kweli, hilo halina ubishi, na nitalieleza. Lakini miaka kumi na mitatu nyuma, katika jimbo hilohilo, Luteni Gavana mwingine alikuwa amemfukuza Waziri Mkuu mwingine, na miongoni mwa mawaziri waliotolewa siku ile alikuwemo Angers mwenyewe. Anayekianza kisa hiki na fedha za reli anakikuta katikati. Mzizi wake uko mwaka 1878, na uko katika kiti chenyewe cha Luteni Gavana.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kiti hicho kinahitaji maelezo, maana jina linaweza kumpoteza. Luteni Gavana wa jimbo la Kanada si kama gavana wa kaunti ya Kenya, anayeomba kura na kuongoza serikali. Wala hafanani na mkuu wa mkoa wa Tanzania, ambaye ni mtendaji wa kila siku. Kwa Katiba ya 1867 iliyoziunganisha koloni za Uingereza kuwa Kanada, kila jimbo lina bunge lake na waziri mkuu wake, na juu yao anakaa Luteni Gavana anayewakilisha taji. Anasaini sheria, anafungua bunge, anamwita mwenye wabunge wengi aunde serikali. Kwa kawaida hufuata ushauri wa mawaziri. Lakini huyu mwamuzi aliteuliwa na nani? Na serikali kuu ya Ottawa, yaani na chama kilichokuwa kinatawala Ottawa wakati huo. Karibu wote waliokalia kiti hicho Quebec katika karne ile walikuwa wanasiasa waliotoka kwenye mapambano ya vyama jasho halijawakauka.

Vyama vyenyewe vilikuwa viwili. Wahafidhina, walioitwa "wa buluu", walikuwa na maaskofu wengi nyuma yao na ndio waliotawala jimbo tangu 1867. Waliberali, "wekundu", walitazamwa na mapadri wengi kama watoto wa mapinduzi ya Ufaransa, na kuna parokia ambako mimbarani waumini walionywa wasiwape kura.

Mwaka 1878 Waziri Mkuu wa jimbo alikuwa Charles-Eugène Boucher de Boucherville, Mhafidhina. Luteni Gavana alikuwa Luc Letellier de Saint-Just, Mliberali, aliyekuwa waziri wa kilimo Ottawa kabla ya kupelekwa Spencer Wood Desemba 1876. Jimbo lilikuwa linajenga reli ya ukingo wa kaskazini wa mto Saint-Laurent, kutoka Quebec hadi Montréal na kuendelea kuelekea Ottawa. Baadhi ya halmashauri za miji zilizoahidi kuchangia zikagoma kulipa. Serikali ikaleta muswada wa kuzilazimisha kwa amri ya baraza la mawaziri badala ya kwenda mahakamani. Aliyeusimamia bungeni alikuwa Mwanasheria Mkuu, Auguste-Réal Angers, kwa kuwa Boucherville mwenyewe alikuwa mjumbe wa bunge la juu.

Letellier alilalamika kwamba miswada inapelekwa bungeni kwa jina lake bila yeye kuulizwa. Machi 2, 1878 akaifukuza serikali nzima, ingawa ilikuwa na wabunge wengi. Akamwita Henri-Gustave Joly de Lotbinière, kiongozi wa Waliberali. Wahafidhina waliwaka. Kilio chao katika kampeni kilikuwa kwamba sauti ya Spencer Wood inyamaze ili sauti ya wananchi isikike. Waliberali nao walijibu kwamba Luteni Gavana ametumia haki yake ya kikatiba, tena kwa kuulinda mfuko wa umma.

Uchaguzi wa Mei 1, 1878 haukumpa yeyote ushindi wa wazi katika bunge la viti 65. Joly aliendelea kwa kubahatisha, mara nyingine akiokolewa na kura ya turufu ya spika. Ndipo Ottawa ikabadilika mikono: Septemba mwaka uleule John A. Macdonald na Wahafidhina wake walirudi madarakani, na Julai 1879 wakamwondoa Letellier kwenye kiti chake. Gavana Mkuu, mwakilishi wa taji kwa Kanada nzima, alisita kiasi cha kuuliza London. London ikamjibu kwamba katika jambo kama hilo afuate ushauri wa mawaziri wake. Aliyepelekwa kukaa mahali pa Letellier alikuwa Théodore Robitaille, mbunge Mhafidhina wa Bonaventure, kusini mwa rasi ya Gaspé, mashariki ya mbali ya jimbo. Lishike jina hilo.

Mwezi mmoja tu baadaye bunge la juu la jimbo, lililojaa wateule wa Wahafidhina, likakataa kuidhinisha bajeti ya Joly. Oktoba 1879 Waliberali watano wakahama upande wao na serikali ikaanguka. Miongoni mwa waliokuwa wameketi katika baraza la Joly kwa miezi ile michache, akiwa Mwanasheria wa Serikali, alikuwemo wakili kijana kutoka Saint-Hyacinthe aitwaye Honoré Mercier. Kwa hiyo watu wawili waliokuja kupambana mwaka 1891 walikuwa tayari wameonja 1878, mmoja akiwa amefukuzwa, mwingine akiwa amenufaika na kufukuzwa huko.

Mercier alizaliwa 1840, akasomeshwa na Majesuti, shirika la mapadri wa Kikatoliki, Montréal, akafanya kazi ya magazeti na ya sheria. Mwaka 1883 alikuwa kiongozi wa Waliberali wa jimbo, na hakuna aliyemtabiria makubwa, kwani chama chake kilikuwa kimezoea kushindwa. Kilichomwinua kilitokea mbali na Quebec. Novemba 16, 1885, mjini Regina, Louis Riel alinyongwa kwa kosa la uhaini. Riel alikuwa kiongozi wa Wametisi, watu wa asili mchanganyiko ya Kifaransa na ya wenyeji wa nyanda za magharibi, waliopigana na serikali ya Kanada kutetea ardhi yao. Macdonald angeweza kuibadilisha hukumu, hakutaka. Na mawaziri watatu wa Kifaransa waliokuwa serikalini mwake, Langevin, Chapleau na Caron, walibaki kwenye viti vyao.

Siku sita baada ya kunyongwa, Jumapili, makumi ya maelfu walifurika uwanja wa Champ-de-Mars mjini Montréal. Mercier alisimama akamwita Riel ndugu yetu, akataka Wakanada wa Kifaransa waache buluu na wekundu, wawe kitu kimoja. Naamini siku ile ndiyo iliyomfanya Mercier kuwa Mercier. Aliunda kile alichokiita Chama cha Kitaifa, Waliberali pamoja na Wahafidhina waliochukizwa na kitanzi cha Regina, na baada ya uchaguzi wa Oktoba 1886, mwishoni mwa Januari 1887, akawa Waziri Mkuu.

Aliyoyafanya madarakani yanaeleza kwa nini Ottawa ilimkodolea macho. Oktoba 1887 aliwaita mawaziri wakuu wa majimbo mengine jijini Quebec. Macdonald alialikwa, akakataa. Walikuja wa Ontario, Nova Scotia, New Brunswick na Manitoba, wakapitisha maazimio ya kudai, pamoja na mengine, kwamba Ottawa inyang'anywe uwezo wa kufuta sheria za majimbo. Hakuna aliyewahi kufanya mkutano wa namna hiyo. Kwa mara ya kwanza majimbo yalikaa yenyewe kwa yenyewe na kusema kwamba yana mamlaka yao, hayakuazimwa na Ottawa.

Kisha likaja suala la mali za Majesuti, mashamba na majengo yaliyokuwa yamechukuliwa na taji la Uingereza baada ya shirika lao kuvunjwa katika karne ya kumi na nane. Kwa sheria ya 1888 Mercier alilimaliza: dola 400,000 kwa Kanisa Katoliki, mgawanyo uamuliwe na Papa Leo XIII, na dola 60,000 kwa elimu ya Waprotestanti. Kutajwa kwa Papa ndani ya sheria ya koloni la Malkia Victoria kuliwasha moto Ontario. Lakini bunge la Ottawa, Machi 1889, lilikataa kuifuta kwa kura 188 dhidi ya 13.

Alimpa padri maarufu wa ufunguzi wa mashamba mapya, Antoine Labelle, kazi ya naibu waziri, ili watu wapate ardhi kaskazini badala ya kuhamia viwandani New England, Marekani, ambako maelfu kwa maelfu walikuwa wanakwenda na wengi hawakurudi. Alifungua shule za usiku kwa wafanyakazi. Familia yenye watoto kumi na wawili walio hai ilipewa ekari mia moja bure. Alijenga madaraja ya chuma. Na alikopa. Alikopa sana, na alipenda fahari. Masika ya 1891 alikwenda Ulaya kutafuta mkopo mwingine, akapokelewa Paris kama mkuu wa nchi, akavishwa ukamanda wa Légion d'honneur, nishani kuu ya Ufaransa, na Papa akampa cheo cha kikabaila cha Comte. Alizuru Tourouvre, kijiji cha Normandy walikotoka mababu zake. Watu wake nyumbani walijivunia. Wengine walihesabu gharama.

Alipokuwa huko ndipo la reli lilipofanyika.

Kampuni ya Reli ya Baie des Chaleurs ilikuwa imeanzishwa kujenga njia ya kusini mwa Gaspé, kando ya ghuba, eneo la wavuvi na wakulima maskini waliosubiri treni kwa miaka mingi. Miongoni mwa wakuu wake alikuwa Théodore Robitaille, yuleyule aliyerithi kiti cha Letellier mwaka 1879. Kampuni ilipokea ruzuku, ikajenga kidogo, ikakwama, wafanyakazi wakakaa bila mishahara. Serikali ya Mercier ikaamua kuihamishia kwa wawekezaji wapya. Katika mpango huo mkandarasi wa zamani, Charles Armstrong, alilipwa dola 175,000 kama deni lake kwa kampuni. Kaimu Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Pierre Garneau. Katika hizo 175,000, Armstrong alimkabidhi Ernest Pacaud dola 100,000.

Pacaud alikuwa mhariri wa gazeti la Waliberali, L'Électeur, mweka mikakati wa uchaguzi na rafiki wa Mercier. Hakuwa na cheo serikalini. Fedha hizo alizitumia kulipa madeni, yake na ya chama, zikiwemo hati za mkopo benki zilizowekwa saini na wakubwa wa chama, Mercier akiwa mmoja wao. Njia ilikuwa fupi: hazina ya jimbo, mkandarasi, mkusanya fedha wa chama, benki. Sioni namna ya kuliita hilo jina lingine zaidi ya wizi, na wanaomtukuza Mercier huwa wanalipita hapa kwa haraka isiyo ya haki kwa wafanyakazi wa Gaspé waliodai ujira wao.

Yalifichuka Agosti 1891 mbele ya kamati ya reli ya Seneti, Ottawa. Wakati huohuo Ottawa yenyewe ilikuwa inanuka. Mbunge Thomas McGreevy na makandarasi wa bandari ya Quebec walikuwa wamefichuliwa katika wizi wa zabuni, na Hector Langevin, waziri wa ujenzi na kiongozi wa Wahafidhina wa Quebec, akalazimika kujiuzulu mwezi uleule. Macdonald alikuwa amefariki Juni. Wahafidhina, wakiwa wamejeruhiwa hivyo, walipata mikononi mwao kashfa ya Mliberali wakati walipoihitaji kuliko wakati wowote. Sisemi waliitunga. Nasema walijua thamani yake.

Septemba, Angers alimwandikia Mercier kutaka tume ya uchunguzi, na kumzuia kufanya lolote isipokuwa shughuli za lazima za kila siku. Mercier alikubali. Wakateuliwa majaji watatu: Louis-Amable Jetté kama mwenyekiti, Baby na Davidson. Tume ilikaa miezi ya vuli, mashahidi wakapita. Katikati ya Desemba Jetté alikuwa mgonjwa. Wenzake wawili wakatoa ripoti ya awali, wakithibitisha kwamba mpango ule ulikuwa wa ulaghai dhidi ya hazina. Ripoti ya mwenyekiti ilipotoka baadaye, ilimwondolea Mercier hatia. Lakini wakati huo hapakuwa na cha kuokoa. Angers hakuisubiri. Aliipokea ya awali, na papo hapo akaandika barua yake.

Hapa pana hoja mbili, na zote zina uzito. Anayemtetea Angers atasema: bunge lilikuwa la Mercier, lingemwokoa kwa kura za mashabiki, na mlinzi wa hazina hawezi kumwachia mtuhumiwa funguo. Ni hoja ya kweli, na kwa upande huu sababu ya Angers ilikuwa nzito kuliko ile ya Letellier, aliyelalamikia zaidi kutoshirikishwa. Lakini Katiba ilitaka bunge la jimbo likae angalau mara moja kila mwaka, na wabunge wa 1890 hawakupewa nafasi hata ya kusikia ripoti ikisomwa. Si wabunge wote wa Chama cha Kitaifa walikuwa watu wa Pacaud. Wapo walioingia kwa ajili ya Riel, waliotoka kwa Wahafidhina, ambao wangeweza kumgeuka Mercier mbele ya ushahidi ule. Angers aliwanyima hiyo kazi. Bunge likavunjwa bila kuulizwa.

Na aliyemwita kuunda serikali mpya ndiye anayenifanya nisiweze kuliona jambo hili kama la mwamuzi asiye na upande. Alikuwa Charles-Eugène Boucher de Boucherville, bosi wake wa zamani, waziri mkuu yuleyule aliyetupwa nje pamoja naye Machi 1878. Mzee wa karibu miaka sabini alirudishwa mahali palepale alipotolewa, na mtu aliyetolewa naye. Waliberali walipiga kelele kwamba ni mapinduzi, na wakayarudia maneno ya Wahafidhina ya 1878 kuhusu Spencer Wood karibu neno kwa neno. Wahafidhina nao wakaazima hoja za Letellier. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Magazeti ya pande zote mbili yalikuwa na makala za 1878 kwenye makabati yao, wangeweza kuzitoa na kubadilisha majina tu.

Uchaguzi ulifanyika Machi 8, 1892, na Wahafidhina walishinda kwa kishindo. Wengine huishia hapo: wananchi wameamua, Angers amehesabiwa haki. Kikatiba ni kweli kwamba Boucherville alipokubali wadhifa alilibeba tendo la Angers, na kura zikalibariki. Lakini wapiga kura, wakiwa wamesoma kwa miezi sita habari za dola 100,000, hawakuulizwa kama mteule wa Ottawa anaweza kuvunja serikali yao. Waliulizwa kuhusu Pacaud, wakajibu kuhusu Pacaud. Laiti mambo hayo mawili yangetenganishwa, bunge likae, lisikie, limwangushe Mercier lenyewe, sidhani kama jimbo lingebaki na kidonda kile.

Jambo linalonishtua kuliko yote ni hatima za hao Luteni Gavana wawili. Letellier alifukuza serikali yenye wabunge wengi, Ottawa ikamfukuza, akafa Januari 1881 akiwa amevunjika. Angers alifukuza serikali yenye wabunge wengi, na Desemba 1892 Ottawa ikampa uwaziri wa kilimo. Kifungu cha Katiba kilikuwa kilekile. Kilichotofautiana ni rangi ya aliyekuwa anatawala Ottawa. Letellier aliwagusa Wahafidhina kisha Wahafidhina wakarudi madarakani. Angers aliwagusa Waliberali, na Wahafidhina walikuwa bado wapo.

Aliyemrithi Angers Spencer Wood alikuwa Joseph-Adolphe Chapleau. Boucherville hakukubali kufanya kazi chini ya Chapleau, hasimu wake ndani ya chama kwa miaka mingi, akajiuzulu mara moja. Serikali iliyorudishwa kwa gharama kubwa namna ile ikadumu na mkuu wake mwaka mmoja tu, kisha ikapita kwa Louis-Olivier Taillon.

Mercier alishtakiwa, yeye na Pacaud, kwa kula njama ya kuiibia serikali, katika shauri lililohusu zabuni nyingine. Novemba 1892 baraza la wazee wa mahakama liliwaachia huru. Alikuwa amefilisika, na kisukari kilikuwa kinamla. Aprili 1893 alihutubia umati katika bustani ya Sohmer, Montréal, akataka Kanada iwe nchi huru, miaka ambayo wanasiasa wengi wa pande zote walikuwa bado wanaapa kwa Malkia. Alifariki Oktoba 30, 1894, akiwa na miaka 54, na Montréal ikasimama kumzika. Mei 1897 Waliberali wa Félix-Gabriel Marchand waliitwaa serikali ya jimbo, na Chama cha Wahafidhina hakikushinda tena uchaguzi wa Quebec. Hakuna Luteni Gavana wa jimbo hilo aliyemfukuza waziri mkuu tangu barua ile ya Angers.

Mpaka anakufa Mercier alikuwa bado mbunge. Kimbunga cha Machi 1892 kilipowaangusha wenzake wengi, yeye alirudishwa bungeni na wapiga kura wa Bonaventure, watu wa ukingo wa Baie des Chaleurs, ambao reli yao ndiyo iliyoibiwa.